Shauri la Tabibu wa Pili katika Njia ya Unyanyembe

Mgonjwa aambiwapo na tabibu kwamba maradhi yake ni saratani, na kwamba saratani hiyo imekwisha kutambaa mbali mwilini, ni nadra alikubali neno hilo siku ileile. Yeye au jamaa zake huuliza penginepo. Huuliza kwa tabibu mwingine, au katika hospitali iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Huuliza kwa mganga wa mitishamba, kwa shehe au kwa padri, na mara nyingi kwa wote hao kwa zamu. Wako watu waionao desturi hii kuwa ni ukaidi au dalili ya ujinga, na wako wadhanio kuwa ni jambo geni lililokuja na hospitali za kisasa. Historia ya Tabora, na ya njia ya misafara iliyopita pale, haiungi mkono hata moja ya kauli hizo mbili. Katika nchi ya Unyanyembe shauri la pili ni la kale kuliko hospitali, na ni la kale kuliko hata misafara yenyewe. Lililo gumu katika historia hiyo si kama mgonjwa ana haki ya kuuliza mara ya pili. Lililo gumu ni nani aulizaye kwa ajili yake, na jibu likija, linaingia katika sikio la nani.

Neno lenyewe saratani lilipanda bara kutoka pwani. Kwa Kiarabu maana yake ni kaa, na Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyohuyo. Waswahili waliohesabu nyota walilijua neno hilo tangu zamani kuwa ni jina la buruji, ile ikaayo baina ya Jauza na Asadi. Huko bara uvimbe usiopungua na kidonda kisichofunga viliitwa kwa majina mengine, na asili yake ilitafutwa katika mambo mengine: mzimu uliosahauliwa, mwiko uliovunjwa, au jirani mwenye husuda. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza dawa ni ipi, ilipasa kuuliza ugonjwa umetoka wapi.

Kwa Wanyamwezi, na kwa jirani zao Wasukuma, kazi ya kujibu swali hilo ilikuwa ya mfumu. Mgonjwa hakulazimika kumwendea kwa miguu yake. Kifaranga cha kuku kilitiwa mate ya mgonjwa, kisha ndugu alikichukua hadi kwa mfumu, na mara nyingi alichaguliwa mfumu wa mbali, asiyeijua nyumba ile wala ugomvi wake. Huko kifaranga kilipasuliwa, na alama za ndani ya mwili wake zikasomwa. Jamaa hawakumweleza mfumu habari za mgonjwa tangu mwanzo. Ilikuwa ni juu yake kuonyesha kwamba anajua kilichowaleta. Akikosea, waliondoka kwa heshima wakaenda kwa mwingine. Akipatia, bado hawakukatazwa kwenda kwa mwingine ili kuona kama maneno ya wawili yanalingana. Mfumu wa kwanza hakuhesabu jambo hilo kuwa ni tusi, maana na yeye alipokea kila siku watu waliokwisha kupita kwa wenzake.

Katika desturi hiyo mgonjwa alibaki kitandani huku kitu kilichotoka mwilini mwake kikisafiri. Jibu nalo lilirudi kwa miguu ya yule aliyekwenda. Mgonjwa alisikia kadiri ile ambayo ndugu zake waliona inafaa asikie. Lililobaki lilizungumzwa nje, usiku, na wale ambao ingewapasa kutoa mbuzi.

Misafara ya pembe na watumwa ilipozidi katika karne ya 19, Unyanyembe ikawa njia panda ya matabibu kama ilivyokuwa njia panda ya bidhaa. Kutoka pale njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na ile kuu ilirudi mashariki hadi Bagamoyo. Waarabu wa Oman walikuja na elimu ya vitabu, manemane na uponyaji wa kupiga chuku. Wapagazi walikuja na mizizi ya kwao. Na Wazungu walikuja na makasha ya kwinini. Mgonjwa mwenye mali aliweza kuwajaribu wote bila kutoka katika mji mmoja.

Aliyewajaribu kwa bidii kuliko wengine ni Richard Burton. Yeye na mwenziwe John Speke waliingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuiacha pwani, baada ya mwendo ambao Burton mwenyewe aliukadiria kuwa si chini ya maili 600. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu mwenye elimu na ukarimu, ambaye miaka michache baadaye aliuawa katika vita vya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Manwa Sera. Burton aliugua homa hata akadhani kwamba amefika mwisho wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa ameeleza jinsi alivyoitiwa mganga wa kike aliyekuwa na sifa kubwa. Bibi huyo alipokea kwanza ujira wake wa nguo. Kisha akamkagua kinywa na kumwuliza kwa makini habari za sumu. Akatoa katika kibuyu unga wa kijani uliochanganywa na maji, akamvutisha puani. Mgonjwa akapiga chafya mfululizo, na mganga akashangilia. Akampaka unga mwingine kichwani, akaahidi kurudi kesho yake, akaenda zake. Kesho yake hakuja. Burton anasema alikwenda kuunywa ujira wake.

Maelezo hayo yameandikwa kwa dharau, na msomaji wa leo hana budi kuyasoma kwa hadhari, kwa kuwa Burton alipenda kuchekesha wasomaji wa London kwa gharama ya wenyeji wake. Lakini dharau hiyo haikumzuia kulipa wala kufumbua kinywa. Mgonjwa aliyechoka hupima mashauri kwa mizani isiyo ile aliyokuwa akiitumia alipokuwa mzima. Tena yafaa kukumbukwa kwamba katika mwaka wa 1857 tabibu wa London naye hakujua kwamba homa ile huletwa na mbu. Jambo hilo halikuthibitishwa mpaka mwaka wa 1897, huko India. Bibi wa Unyamwezi aliuliza habari za sumu, na daktari wa Kizungu wa siku zile alizungumza habari za hewa mbaya ya mabwawa. Wote wawili walikuwa mbali na kiini cha maradhi kwa umbali ulio sawa, isipokuwa kwamba daktari alikuwa na kwinini.

Mapema mwaka wa 1858, njiani kwenda Ujiji, Burton alipooza viungo, na karibu mwaka mzima ulipita kabla hajaweza kutembea mwendo wa kutajika. Katika safari ya kurudi pwani, mwezi wa Oktoba, zamu ilikuwa ya Speke. Huko Hanga alishikwa na maumivu makali ya ubavu na kifua yaliyomtia wazimu wa muda. Aliyeutambua ugonjwa huo hakuwa Burton, aliyekuwa amesoma vitabu vingi, wala si Mwarabu yeyote. Alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani hata India, na ambaye mwenyewe alikuwa ameugua vivyo hivyo. Aliuita kichomachoma. Jina halikumponya Speke, lakini lilikuwa na faida yake: mtu aliyeugua na kupona amesimama mbele ya mgonjwa na kumwambia kwamba jambo hili linajulikana, lina jina, na liko na watu waliolivuka. Kati ya mashauri yote yaliyotolewa katika safari ile, hilo huenda ndilo lililostahili ujira kuliko mengine, nalo lilitolewa bure.

David Livingstone alikuwa wa namna nyingine. Yeye alikuwa daktari, na daktari akiugua huwa mgonjwa mgumu. Kwa miaka mingi alitokwa na damu kwa ajili ya bawasiri. Alipokuwa kwao mwaka 1864, Profesa James Syme wa Edinburgh, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa zama zile, alimshauri apasuliwe. Livingstone alikataa, kwa kuwa hakupenda udhaifu wa mwili wake uzungumzwe hadharani. Akarudi Afrika na ugonjwa wake.

Shauri la pili alilipata Unyanyembe. Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Februari 1872. Stanley hakuwa tabibu, lakini macho yake yalitosha. Alimsihi arudi kwao apate nguvu na meno ya bandia, kisha aje kumaliza kazi yake. Livingstone aliyaandika maneno hayo katika shajara yake kwa uaminifu, akakiri kwamba hoja zilikuwa na nguvu. Lakini moyo wake ulimwambia kwamba rafiki zake wangependa amalize kwanza uchunguzi wa chemchemi za Nile. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki katika nyumba ya udongo ya Kwihara, akihesabu siku hadi wapagazi walipofika kutoka pwani, na tarehe 25 Agosti 1872 akatoka kuelekea kusini-magharibi. Alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873.

Haifai kumlaumu upesi. Mtu aliyekwisha kusikia mashauri mawili yanayofanana, akaamua kwa akili timamu kufuata njia ya tatu, ametumia haki ileile aliyonayo mgonjwa anayekimbilia tiba. Tofauti ni kwamba Livingstone alisikia kila neno kwa masikio yake mwenyewe. Hapakuwa na ndugu aliyesimama kati yake na jibu.

Mwili wake ulipasuliwa na Farijala, mtu aliyepata kumtumikia daktari huko Unguja na kuona jinsi maiti zinavyochunguzwa. Alitoa moyo na matumbo ili vizikwe palepale, na katika kazi hiyo wenzake walionyeshwa bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mkono, upande wa kushoto. Kisha mwili ulikaushwa na kubebwa. Ulipofika Unyanyembe, Oktoba 1873, Luteni Cameron, aliyekuwa pale na msafara wake, alishauri uzikwe palepale. Chuma na Susi walikataa, wakaupeleka hadi Bagamoyo. Huko London, Aprili 1874, Sir William Fergusson aliufungua mkono wa kushoto akaona mfupa uliovunjwa na simba miaka thelathini iliyopita, akathibitisha kwamba marehemu ndiye. Hivyo mwili mmoja ulichunguzwa mara mbili. Farijala aliona ndani yake kile kilichoua. Mpasuaji wa London aliona jina la mwenye mwili. Magazeti ya siku zile yalimsifu yule wa pili.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na mada hii hakikutokea Tabora yenyewe. Kilitokea Urambo, upande wa magharibi, katika boma la adui mkubwa wa Tabora. Mtemi Mirambo alianza vita na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, akaifunga njia ya Ujiji, na kwa muda wa miaka kumi na zaidi hapakupita pembe wala bunduki asipojua yeye. Aprili 1876 alichanjiana damu na Stanley, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa amepigana upande wa Waarabu. Mwaka 1879 alimkaribisha Dr. Ebenezer Southon wa London Missionary Society. Mirambo hakumkaribisha kwa ajili ya dini peke yake. Mtawala aliyetaka kufungua biashara na pwani bila kupitia Tabora alikuwa na haja ya Wazungu, na Mzungu mwenye dawa alikuwa na thamani mara mbili. Southon aliwatibu watu wa Urambo, akaandika habari za mtemi na nchi yake, akawa mtu wa kuaminiwa.

Katikati ya mwaka 1882 Southon alipigwa risasi ya mkono kwa ajali. Sasa daktari peke yake wa Urambo akawa ndiye mgonjwa. Ujumbe ulipelekwa Uyui, karibu na Tabora, akaja Copplestone wa Church Missionary Society, ambaye hakuwa tabibu hata kidogo. Alimkata mkono kwa kufuata maagizo ya mgonjwa mwenyewe. Jeraha halikupona, ikabidi kukata tena, safari hii kwa msaada wa wasafiri wa Kijerumani waliokuwa Unyamwezi wakati ule. Southon alikufa mwezi wa Julai. Ni vigumu kupata katika historia ya nchi hii mfano ulio mchungu zaidi wa mtu aliyetafuta shauri la pili na kulazimika kulitoa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, koo la Mirambo lilipoanza kumsumbua, yule tabibu aliyemwamini alikuwa amekwisha kuzikwa. Ugonjwa ulizidi, na tarehe 2 Desemba 1884 mtemi alifariki. Waandishi wa baadaye wameutaja ugonjwa huo kuwa ni saratani ya koo. Hakuna Farijala aliyeufungua mwili wake. Kauli ya waandishi hao inatoka katika dalili zilizosimuliwa, na yafaa ichukuliwe kama shauri la tabibu aliyechelewa kufika. Hata hivyo dalili za koo lililojifunga polepole, kwa mtu wa makamo, bila kupona, zinawapa haki ya kusema hivyo.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mtemi na mgonjwa wa kawaida. Mwili wa mtemi katika Unyamwezi haukuwa wake peke yake. Mvua, mavuno na rutuba ya nchi vilifungamana nao, na mtemi aliyedhoofika aliidhoofisha nchi. Kwa sababu hiyo ilikuwako desturi katika tawala za sehemu zile kwamba mtemi aliyekaribia kufa hakuachwa afe polepole. Na yako masimulizi kwamba Mirambo naye alinyongwa kwa kufuata desturi hiyo. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mtemi mithali hii ilikuwa kinyume: aliyeyatangaza maradhi yake ndiye aliyekiita kifo, na pamoja nacho aliwaita Waarabu wa Tabora, Wangoni na kila jirani mwenye kisasi. Koo lilikuwa la Mirambo, na hofu ilikuwa ya ruga-ruga wote. Angewezaje kupeleka kifaranga kwa mfumu wa mbali, na kila mfumu wa mbali alikuwa chini ya mtemi mwingine? Na wale waliomzunguka walikuwa na sababu zao wenyewe za kulitaka jibu, tena kwa haraka kuliko yeye. Baada yake alitawala ndugu yake Mpandashalo, na dola ile iliyoonekana kubwa ikapasuka katika muda wa miaka michache.

Kusini zaidi, huko Karema penye pwani ya Ziwa Tanganyika, alikuja mwishoni mwa miaka ya 1880 tabibu Mwafrika, Adrian Atiman. Alikuwa mtoto wa nchi iliyo Mali ya leo, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, na akasomeshwa utabibu Malta. Alipanda bara kwa njia ileile ya misafara, akafanya kazi Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956. Kwa muda mrefu wa maisha yake hapakuwa na tabibu mwingine wa hospitali ambaye mgonjwa wa Karema angeweza kumfikia. Aliyetaka shauri la pili alirudi kwa mganga wa kijijini, na aliyekuwa ameanza kwa mganga alikuja kwa Atiman. Utabibu wa namna mbili uliishi katika mji mmoja, na wagonjwa ndio waliokuwa daraja.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na safari iliyomchukua Burton siku 134 ikawa ya siku chache. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga hospitali yao kando ya bahari mjini Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mahali penye upepo, kwa ajili ya Wazungu wenzao. Jengo hilo liko hadi leo, na historia imeligeuza kwa namna ambayo waliolijenga hawakuiota: tangu mwaka 1980 limetumika kwa matibabu ya saratani, na mwaka 1996 likawa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa sheria ya Bunge. Mgonjwa wa Urambo ambaye koo lake linajifunga leo hufuata karibu njia ileile ya Unyanyembe kuelekea mashariki, kutoka hospitali ya wilaya hadi Kitete mjini Tabora, na kutoka Kitete hadi kando ya bahari. Wengine huelekea kaskazini, Bugando ya Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Na wengi wao hufika hali maradhi yamekwisha kukomaa, maana njia kutoka kwa mganga wa kwanza hadi chumba cha mionzi bado ina vituo vingi, na kila kituo kina watu wake wa kushauri.

Hata matabibu wenyewe wamejifunza saratani ya Afrika ya Mashariki kwa kuuliza mara ya pili na ya tatu. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago huko Kampala, alipoona watoto wenye uvimbe wa taya, aliandika habari zake mwaka 1958. Kisha mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari kama maili 10,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, Tanganyika ikiwa njiani, akipita hospitali zaidi ya hamsini na kuonyesha picha. Swali lake lilikuwa lilelile kila mahali: je, mmeuona ugonjwa huu? Kutokana na majibu hayo ulitambuliwa mpaka wa ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Hakuna aliyemwita mkaidi.

Katika tiba ya saratani ya leo, shauri la pili lenye uzito kuliko yote halihitaji mgonjwa awepo. Kipande kidogo cha nyama hukatwa katika uvimbe, huwekwa katika dawa ya kukihifadhi, na hupelekwa mahali penye mtaalamu wa darubini. Yeye hajui mgonjwa ni nani wala amegombana na nani. Husoma kilicho mbele yake. Kipande hichohicho chaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa pili, naye akasoma bila kujua mwenziwe alisema nini, na pengine jina la ugonjwa likabadilika, na kwa jina jipya likaja tumaini lililokuwa halipo, au likaondoka lile lililokuwapo. Mnyamwezi wa karne ya 19 angeuelewa utaratibu huo bila kufafanuliwa. Angeuliza tu kifaranga kiko wapi.

Angeuelewa pia utaratibu wa kupokea jibu, kwa kuwa haukubadilika sana. Mara nyingi daktari humwita ndugu pembeni. Ndugu hurudi kitandani na uso uliotengenezwa, akasema kwamba ni uvimbe tu, kwamba dawa zipo, kwamba iliyobaki ni sala. Hufanya hivyo kwa huruma. Lakini mgonjwa ambaye hakuambiwa neno la kwanza hana njia ya kuliombea neno la pili. Hawezi kuchagua kama Livingstone alivyochagua, wala kutapatapa kama Burton alivyotapatapa. Amewekwa mahali pa Mirambo, ingawa hana dola wala adui. Maradhi yake yamekuwa jambo la baraza, na baraza hukutana nje.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyeingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937 na kurudi mji huohuo kufundisha katika St. Mary's tangu 1946 hadi 1949, aligunduliwa kuwa na saratani ya damu mwaka 1998. Aliendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi kule Arusha, na wananchi wengi hawakujua kwamba anaumwa hadi alipokuwa amekwisha kulazwa London. Alifariki katika hospitali ya St Thomas' tarehe 14 Oktoba 1999, na Rais Benjamin Mkapa akalitangazia taifa siku ileile. Yeye alijua, na taifa ndilo lililofichwa. Hapo mambo yalikuwa kinyume cha yale ya Urambo, na huenda hiyo ndiyo heshima ambayo mtemi wa kale hakuweza kuipata.

Mgonjwa wa kawaida anayerudi Tabora kutoka kando ya bahari hubeba bahasha. Ndani yake mna barua ya daktari wa Dar es Salaam kwa daktari wa Kitete, yenye jina la ugonjwa, hatua uliyofikia, na kile kinachoweza au kisichoweza kufanywa. Imeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi bahasha imefungwa kwa gundi. Mwenye maradhi huilaza juu ya magoti yake kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800, akapita Morogoro, Dodoma na Manyoni, akashuka nayo asubuhi, akaikabidhi ikiwa imefungwa vilevile.